Jinsi nilivyogundua kwa nini kreni yetu ya zamani ilikuwa ikiacha reli

Kila mara kreni yetu ya uokoaji, ya mvuke na ya geji ya mita (reli zilizoachana mita moja), ilipoacha reli, lawama ya kwanza ilikwenda kwa mwendo kasi na ya pili kwa ubovu wa njia. Sikukubali. Ilikuwa ikiacha reli katika mwendo wa mtu anayetembea, na mabehewa ya mizigo yaliyopita hapohapo saa chache kabla hayakupata tatizo lolote. Hata hivyo niliagizwa nipake grisi reli ya nje ya kona. Grisi ina kazi yake: kwa hesabu ya Nadal, mhandisi Mfaransa, ya mwaka 1908, msuguano ukiongezeka kati ya ukingo wa gurudumu na reli, nguvu ndogo zaidi ya pembeni hutosha kulipandisha gurudumu. Lakini grisi hairudishi uzito kwenye gurudumu lililopungukiwa nao, na kreni iliacha reli tena, ikiacha mchirizi mrefu wa mshazari juu ya kichwa cha reli.

Mchirizi huo ulinipa jibu nusu. Gurudumu linalotumbukia kati ya reli zilizotanuka haliachi alama ya namna ile. Hili lilikuwa limepanda taratibu. Tena lilipanda mwishoni mwa kona, pale ambapo reli ya nje, iliyoinuliwa kuliko ya ndani, hushuka polepole hadi zilingane, hivyo gurudumu la mbele la upande wa nje hulazimika kushuka nayo.

Karakana haikuwa na mizani ya magurudumu, na hapo ndipo nilipobuni njia ambayo hadi leo naionea fahari. Tuliisimamisha kreni kwenye njia iliyonyooka, mkono wake ukiwa umelala juu ya behewa lake kama ilivyo safarini, tukaweka chini ya magurudumu yote ya bogi la mbele (kigari chenye magurudumu kinachobeba sehemu ya mbele ya kreni) mabamba ya chuma yenye unene sawa, na chini ya gurudumu nililolishuku tukaongeza kipande cha bati. Kisha tukawa tunainua kwa jeki, tunapunguza unene chini ya gurudumu hilo peke yake, tunashusha, na kijana mmoja anavuta bati. Mwanzoni bati liligoma kabisa. Tulipofikia tofauti ya milimita chache tu, lilichomoka kwa mkono mmoja, chini ya mtambo wa makumi ya tani! Bogi lilikuwa limesimama kwa magurudumu matatu, kama meza yenye mguu mfupi.

Tulipokwangua rangi na kutu tukaona sababu. Skrubu za kufunga springi, ambazo hukazwa wakati wa kunyanyua mzigo ili chasisi isiyumbe, zilikuwa zimeachwa zimekazwa kwa muda mrefu, hivyo springi hazikuweza kulisukuma gurudumu lifuate reli inaposhuka. Tulizilegeza kwa mafuta ya taa na uvumilivu, tukapaka grisi sahani ya egemeo la bogi iliyokuwa imekauka, na tukalegeza minyororo iliyoubana mkono wa kreni kwenye behewa lake, kwa kuwa mkono usioweza kugeuka kidogo husukuma bogi pembeni kwenye kona. Jaribio la bati liliporudiwa, bati halikutoka.

Kreni ilipita kona ile bila tatizo. Tangu siku hiyo nilidai msimamizi azikague skrubu hizo na minyororo kwa macho yake mwenyewe na kutia saini kabla treni ya uokoaji haijaondoka.