Nilivyoifuata kotonii kwenye kina

Mama yangu alianza kulima mwani mwaka 1989, kilimo hicho kilipoingia Paje na Jambiani, vijiji vya pwani ya Unguja, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa makumbi ya nazi: anayafukia ufukweni, anayaacha miezi, kisha anayafukua na kuyatwanga apate usumba wa kusokotea kamba. Alipopewa kamba za nailoni na vigingi, mikono ilikuwa tayari. Wanaume waliojaribu waliona pesa ni ndogo, wengi wakarudi kwenye uvuvi. Wanawake wakabaki. Bati la nyumba niliyokulia ni la mwani. Nalisema hili kwa sababu wakulima wa Zanzibar wakitajwa, watu huanza na karafuu na kuwasahau walioinama majini.

Nilijifunzia kwake, siku za bamvua maji yakitoka mbali. "Usilikaze fundo, mwanangu. Likibana, shina linakatika." Unafunga mche unaojaa kiganja, baada ya kama wiki sita unavuna, matawi mazuri unayaacha yawe mbegu.

Kisha maji ya ufukweni yakazidi joto na kotonii, aina ya mwani yenye bei nzuri, ikaanza kufa. Ncha zinakuwa nyeupe, zinalainika, ukirudi unakuta kamba tupu. Ikabaki spinosamu, aina nyingine ya mwani, ambayo ni ngumu zaidi lakini bei yake iko chini sana.

Tulijua kwamba kwenye kina maji ni ya baridi kidogo na kotonii huishi. Tatizo ni kuogelea. Nilikuwa na miaka 36, nimezaliwa hatua chache tu kutoka baharini, na maji hayajawahi kunipita kifua. Huku kwetu kuogelea kulikuwa kwa wavulana. Tulikusanyika wanawake sita, mwenzetu mmoja aliyekwisha jifunza akatufundisha alfajiri, kila mtu na dumu tupu la lita tano kifuani. Siku nne nzima sikuweza kuinua miguu kutoka mchangani. Ya tano nililala chali, masikio ndani ya maji, nikasikia pumzi yangu mwenyewe, na hofu ikapungua. Baada ya miezi miwili nilikuwa naogelea bila dumu.

Shamba la kwanza tulilining'iniza kwenye maboya ya chupa tupu, mifuko ya mchanga ikiwa nanga. Samaki wa tasi walililamba lote. Niliumia sana, maana mbegu tulinunua kwa pesa za mchezo, zile tunazochangiana kwa zamu. La pili tulishona wavu mrefu kama mkono wa kanzu, tukatia mbegu ndani. Tasi hawakupata njia, na wimbi halikukata kitu.

Siku ya kuvuna tulihitaji watu watatu kuupandisha mkono mmoja kwenye ngalawa. Matawi manene, ncha zote nzima.

Mama magoti hayamruhusu tena kushuka pwani. Nilimpelekea tawi moja barazani. Akalivunja karibu na sikio, likalia ka!

"Ndiyo hii," akasema. "Mbegu umeacha kiasi gani?"

"Mikono miwili, mama."

"Ongeza wa tatu."