Nilivyokaukiwa Yerusalemu, Nikapata Maji Nablus

Nilikwenda hija katika Nchi Takatifu mwaka 2019 nikiwa nimejiandaa kulia. Kwa miaka mitatu niliweka akiba ya nauli kutokana na alizeti na karanga, na muda wote huo nilijiambia kwamba nikifika Yerusalemu, ndani ya Kanisa la Kaburi Takatifu, machozi yatanitoka yenyewe.

Hayakutoka. Tulipanga foleni kwa karibu saa mbili, tukasukumana na watu wa kila taifa, na nilipoinama kuingia katika kile chumba kidogo cha kaburi, mtawa aliyesimama mlangoni alituhimiza tufanye haraka, nikatoka hata sala sijaimaliza. Tulielezwa kwamba madhehebu sita yanaligawana kanisa lile kwa taratibu kali, na kwamba ufunguo wa mlango wake umetunzwa na familia ya Kiislamu kwa karne nyingi. Nilitabasamu, lakini moyo ulibaki mkavu, na usiku ule niliona aibu, maana mimi ni mzee wa kanisa.

Siku iliyofuata tulikwenda mji wa Nablus, kwenye Kisima cha Yakobo, ambacho sasa kimo chini ya kanisa la Waorthodoksi wa Kigiriki. Unashuka ngazi hadi chini ya madhabahu, na hapo unakuta ndoo, kamba na roda. Mtunzaji alimimina maji ya kikombe kimoja kisimani, tukanyamaza wote, tukangoja na kungoja hadi mlio ukapanda kutoka chini.

Kungoja kule nilikujua. Nilipokuwa mtoto, kule Mvumi, Dodoma, kila kiangazi mama alichimba mchanga wa korongo hadi mkono ukazama begani, akayamwaga maji ya kwanza yenye tope, kisha akakaa kimya mpaka mengine yajikusanye kidogo kidogo, ndipo achote kwa kata. Wahubiri wetu wakimtaja yule mwanamke Msamaria, aliyekutana na Yesu kwenye kisima hicho, hupenda mno kuwazungumzia waume zake watano. Mimi pale kisimani nilisikia uchovu wake tu, pale alipomwomba Yesu ampe maji yale ili asione kiu tena wala asirudi kuteka. Hakuja kutafuta hisia takatifu, alikuja na mtungi, na Bwana alizungumza naye akiwa katika kazi hiyo hiyo. Nikakumbuka jinsi nilivyoingia kaburini nikiyadai machozi kama mtu anayedai risiti. Nilipokunywa maji yale, ambayo yalikuwa baridi sana, niliimaliza ile sala iliyokatika.

Nilimletea mama chupa ndogo ya maji yale. Aliishika mikononi kwa muda, kisha akaniuliza, “Mwanangu, kisima chao nacho hukauka mwezi wa kumi?”

Nilimjibu kwamba sikuuliza.

“Ungeuliza,” akasema, akaiweka chupa kando ya Biblia yake.