Sebule ndani ya mikoko: siku yangu moja Lamu

Mtaani huniita fundi wa kukata picha. Wengi hudhani kazi yenyewe ni makasi na gundi tu, ama kwamba simu ingeifanya kwa dakika moja. Kazi yenyewe ni kupiga picha, kuzichapisha, kuzikata vipande na kuvibandika viwe picha moja; safari hii ni sebule ya mteja iliyo ndani ya msitu wa mikoko. Basi hii hapa siku yangu ya leo.

Saa kumi na mbili asubuhi. Nimo mashuani, twaelekea mlango wa Mkanda. Ni bamvua, maji yameanza kutoka. Nataka mizizi ya mkoko ikiwa nje na jua likiwa bado chini, upande wangu wa kushoto. Saa mbili mizizi imetokeza. Napiga picha za mkoko, mchu (mkoko wa aina nyingine), tope, kaa, vipande vipande, kutoka mahali pamoja, kamera kwenye kimo cha kifua. Saa tatu nahodha anapiga kelele: tukichelewa, mashua itakaa juu ya tope hadi maji yarudi.

Saa nne na nusu niko kwenye nyumba ya mteja, nyumba ya mawe ya zamani. Mwanga unaingia kutoka kiwandani, yaani ua wa ndani ya nyumba, nao pia unatoka kushoto. Kimo kilekile cha kamera. Napiga picha za sakafu, zidaka (vishubaka vya ukutani), mlango, dari. Saa saba niko dukani kwangu, nachapisha, nakula wali baridi.

Saa nane akaja mteja mwenyewe, mzee mwenye ile nyumba, na mchana wangu ukaishia hapo.

Nimeshatandaza vipande mezani. Boriti za dari nimezipanga zishuke moja kwa moja kwenye vigogo vya mikoko, hata jicho lisijue chumba kimeishia wapi na msitu umeanzia wapi. Mzee akaangalia kwa muda mrefu, kisha: "Mwanangu, hii miti ya tope ya nini? Wageni wataka mandhari. Niwekee maporomoko ya maji."

"Mzee wangu, Lamu maporomoko yako wapi?"

Akampigia mwanawe Maskati, kwa video. Kijana naye akataka bustani ya waridi, na nyufa za ukutani zifutwe. Nikashika simu juu ya meza, nikaisogeza kushoto, kulia, mkono ukaniuma. Mtandao ukakatika, akapiga tena, tukaanza upya. Halafu ikaja ile ya bei: karatasi tu, mbona ghali? Nikamweleza mashua, mafuta, wino, na wembe unaopita ukingoni mwa kila jani. Mzee akanyamaza, akarudi kwenye maporomoko.

Nikamwomba ainue macho atazame dari ya duka langu, nalo ni jengo la zamani. Chumba cha Lamu ni chembamba kwa sababu boriti ya mkoko haifiki mbali. Upana wake ni takriban mita 3, urefu ndio unaoachwa uende. Msitu ndio uliopima nyumba zetu. Nikimwekea maporomoko, nitakuwa nimebandika nchi ya watu wengine ukutani kwake. Hapo mzee akaanza kusimulia majahazi yaliyokuwa yakipakia boriti kwenda Arabuni, kabla serikali haijapiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982. Akazitaja boriti kwa unene wake. Nilisikiliza kwa furaha, ingawa macho yalikuwa yanafumba na gundi inakauka kwenye brashi.

Alipoondoka, sijui ilikuwa saa ngapi. Alasiri ilishaadhiniwa kitambo. Waridi ameziacha. Nyufa bado anataka zifutwe.

Mji huu unaijua kazi hii kuliko watu wanavyokumbuka. Omar Said Bakor alikuwa na studio yake hapa Lamu, akikata picha za wateja na kuzipandikiza ndani ya maua, kwa mkono, miaka mingi kabla ya kompyuta. Mimi nafuata njia hiyo, ila ninachokata ni vyumba.

Baada ya isha umeme ukakatika. Nikaendelea kwa taa ya betri, kidaka baada ya kidaka. Katika kidaka cha kati, mahali pa bakuli la kaure, nimeweka chipukizi la mkoko lenye majani mawili. Shingo inauma, vidole vimegandana kwa gundi, lakini kipande kile kimekaa sawasawa, kivuli chake kimeangukia upande unaostahili. Kesho mzee akija nitamwonyesha hicho kwanza, kabla hatujarudi kwenye nyufa. Nyufa sizifuti.