Siku moja karakana ya ngoma, Mpambire

Saa 1 asubuhi nishafika kazini, hapa Mpambire, Mpigi, ngoma zetu utaziona zimepangwa kando ya barabara ya Kampala kwenda Masaka. Chai na katogo fasta halafu nanoa. Setala, mti tunaochongea ngoma, ni laini na watu wanadhani mti laini hautaki chuma kikali, jamani, chuma butu kinaziponda nyuzi kwanza ndo kizing'oe, kwa hiyo patasi yangu lazima inyoe nywele za mkono.

Saa 3 mzinga, yaani mwili wa ngoma, uko mbele yangu, umekauka polepole kivulini maana juani unapasuka. Sasa elewa, mzinga tunauchimba kwenye gogo, pale mdomoni ngozi inapokuja kukaa nyuzi zote zimesimama wima, ukisukuma tupa toka ndani kwenda nje zile za ukingoni hazina cha kuegemea zinachomoka na kipande cha ukuta. Mimi navunja kona ya nje kidogo kwa kisu, kisha tupa inaanzia nje inaishia katikati ya unene, nainua, narudia mzunguko mzima, halafu toka ndani kuja katikati vilevile. Kuvuka moja kwa moja sikubali hata mteja akiwa amesimama mlangoni.

Saa 5 dogo tunayemfundisha, ametoka Beni, ananiuliza "fundi mbona unalowesha mti?" Ni kitambaa chenye maji kidogo tu napangusa kwenye nyuzi ngumu zilainike, ukimwaga mti unavimba.

Mchana matoke na mchuzi wa karanga.

Saa 8 msasa, namba 80, 120, halafu 180, nasugua kufuata duara. Kisha napitisha soksi ya nailoni mdomoni mote, ikinasa popote kuna kibanzi na nakitafuta mpaka nikipate, kidole hakitoshi.

Saa 10 mama mmoja wa Busia anauliza mbona bei iko juu, nikamwambia mama, ngozi ya ng'ombe tunaiwamba ikiwa mbichi, ikikauka inajivuta kwa nguvu sana, kibanzi kimoja kikisimama hapo kinaikata na ngoma imekufa. Akashika mdomo mwenyewe, akalipa advansi.

Saa 11 tunawamba. Mzinga mwingine una fundo palepale ukingoni, huo nimeunywesha gundi nyepesi nyuzi zishikane, kesho ikishakauka ndo tupa iguse.