Mtoto hatalala mapema kama chakula kinaiva saa 2

Vita vya "nenda kalale" mara nyingi si vya utovu wa adabu, ni vya hesabu. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa masaa 9 hadi 12 kwa siku. Wa miaka 3 hadi 5, masaa 10 hadi 13 ukijumlisha na ule wa mchana. Anzia saa ya kuamka, kisha urudi nyuma. Anayeamka saa 12 asubuhi na kuhitaji masaa 10 inabidi saa 2 usiku awe ameshalala. Usingizi nao hauji papo hapo, kwa hiyo ondoa dakika 20. Kuoga, kupiga mswaki, kwenda chooni na kupanga begi la shule kunakula dakika 40 nyingine. Ukifika hapo utaona kwamba saa 1 usiku mezani pawe pameshaondolewa vyombo. Nyumba nyingi hukwama hapa hapa: wakubwa wanachelewesha chakula, lawama anabeba mtoto.

Kosa la pili ni kumsubiri mpaka "achoke vizuri". Mtoto aliyepitiliza muda wake hasinzii kama mtu mzima. Anaruka juu ya viti, anacheka hovyo, analia kwa jambo dogo. Mzazi anasema huyu bado hana usingizi, kumbe umeshampita.

Runinga na simu zizimwe saa nzima kabla ya kulala. Mwanga wake huchelewesha usingizi, lakini tabu kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kumkatiza katikati ya katuni. "Ikiisha hii tunazima" hueleweka kuliko "dakika 5", ambayo kwa mtoto wa miaka 4 haina maana yoyote. Chai ya rangi na soda ya kola zina kafeini. Mwisho wake uwe mchana.

Maji ya kunywa na safari ya mwisho ya chooni vimalizwe kabla ya taa kuzimwa, la sivyo vitageuka visingizio. Kisha umwache akiwa amesinzia lakini hajalala kabisa. Aliyezoea kulala huku umemkumbatia, akizinduka usiku wa manane (na sote huzinduka kidogo) atakutafuta ndipo alale tena.

Ratiba ikivurugika wakati wa likizo, usiirudishe kwa usiku mmoja. Sogeza dakika 15 kila baada ya siku 2 au 3, na uanze na kumwamsha mapema, maana kuamsha kunawezekana, kulazimisha usingizi hakuwezekani. Wikendi asipitilize kitandani zaidi ya saa moja baada ya muda wake wa kawaida wa kuamka.

Anayekoroma karibu kila usiku, au anayeonekana kukatika pumzi akiwa usingizini, huyo si wa ratiba. Apelekwe kwa daktari. Huenda mafindofindo yamevimba na kubana njia ya hewa.