Gunia 6 za dagaa zilizokuwa zinarudi jana: nilivyotatua shida ya saa kwenye mfumo wa mama mdogo

Mama mdogo ananunua dagaa mwaloni Kibirizi, hapa hapa Kigoma, anawaanika, wakikauka anafunga gunia anatuma kwa basi. Nikamtengenezea mfumo mdogo kwa PHP (lugha ya programu) na MySQL (databesi), anaufungua kwenye simu, anaandika gunia ngapi na zinaenda kwa nani, jioni anaangalia ripoti. Wiki mbili ulienda vizuri tu, halafu siku hiyo akanipigia.

"Mwanangu, daftari langu la Jumanne lina gunia 14, huku kwenye simu naona 8. Sita zimeenda wapi?"

Aisee niliumia, manake ile ni hela ya watu.

Kwanza nikahisi ni mtandao. Mtandao ukisumbua mtu anabonyeza kitufe cha kutuma mara mbili na mzigo unaingia mara mbili, hiyo nilishaimaliza mwanzoni kwa kuipa kila fomu namba yake na kuiambia databesi ikatae namba ikijirudia. Ila hapo mzigo huzidi, huu wa sasa umepungua. Basi nikaacha kodi ya programu kwanza, nikafungua jedwali lenyewe kwenye databesi nikasoma mstari mmoja mmoja huku mama mdogo yuko kwenye simu ananisomea daftari.

Zile sita zilikuwepo, ila ziko Jumatatu. Mstari wa kwanza umeandikwa 23:12, nikamuuliza mama mdogo huu mzigo ulifunga saa ngapi, akasema saa nane usiku na dakika kama kumi hivi, walikuwa wanawahi basi la alfajiri. Saa nane usiku ni 02:12 ya Jumanne. Toa masaa matatu, unapata 23:12 ya Jumatatu! Seva, ile kompyuta ya mtandaoni inayoendesha mfumo, ilikuwa inatumia UTC, yaani saa ya kimataifa, na sisi Tanzania tuko masaa matatu mbele, kwa hiyo chochote kinachoandikwa kuanzia saa sita usiku mpaka kabla ya saa tisa usiku kinahesabiwa jana. Mchana saa inakosewa vile vile ila tarehe haibadiliki, na ripoti inahesabu kwa tarehe, ndo maana wiki mbili zote hakuna aliyeona kitu, mpaka walipoanza kufunga mizigo usiku.

Sasa nikafanya haraka: nikajumlisha masaa matatu wakati wa kuhifadhi. Ripoti ikakaa sawa, nikalala. Kesho yake risiti zikaanza kuonyesha 05:12 kwa mzigo wa 02:12, kwa sababu ukurasa wa risiti unatumia JavaScript, kodi inayoendeshwa na simu yenyewe, na brauza ya simu inachukua ule muda kama UTC, inaongeza matatu yake yenyewe. Matatu yangu na matatu ya simu, jumla sita.

Nikaondoa jumlisha yangu, nikaiacha databesi ihifadhi UTC tupu, muda unabadilishwa wakati wa kuonyesha tu. Na kwenye ripoti (hapa wengi tunapasahau) unabadilisha muda kwanza ndo unatoa tarehe, ukitoa tarehe kwanza umerudi kule kule. Nikatumia CONVERT_TZ, amri ya MySQL ya kubadilisha kanda ya saa, na jina Africa/Dar_es_Salaam, ikanirudishia NULL, yaani hakuna jibu, kila mstari. Saa nzima nahangaika na tahajia ya lile jina, kumbe MySQL ya kule nilikopanga seva haijapakiwa majedwali ya majina ya kanda za saa, na isipokuwa nayo haikupi eraa yoyote, inakupa NULL kimya kimya. Nikaandika +00:00 kwenda +03:00 ikakubali, na kwa hapa kwetu inatosha kabisa kwa kuwa hatusogezi saa mbele na nyuma kama wanavyofanya Ulaya.

Ikabaki mistari ya ile siku moja niliyoijumlishia matatu. Nilichukua kopi ya databesi kwanza, nikaitoa matatu hiyo mistari peke yake, halafu nikaenda mwenyewe Kibirizi na laptop, tukakaa na mama mdogo pembeni ya chanja, yeye anasoma daftari mimi nasoma ripoti, siku kwa siku toka mwanzo. Jumanne ikasoma 14. Jumatatu nayo ikapungua sita, akaikagua mara mbili kabla hajanigeuzia ukurasa unaofuata.