Namba ya bunduki haisomwi popote tu

Mjomba wangu wa Mpwapwa kanitumia picha za shotigani yake kwa watsapu, anataka kuhuisha leseni na kaambiwa namba ya bunduki haiendani na ile ya kitabu cha leseni. Nimezikuza zile picha mpaka macho yakauma. Kitabuni, tena kwa mwandiko wa zamani sana, pameandikwa 12-70, sasa hiyo siyo siriali namba jamani, yani namba ya bunduki moja moja, 12 ni geji (kipimo cha upana wa mtutu) na 70 ni urefu wa chemba, pale risasi inapokaa, kwa milimita, yani inakwambia risasi gani inaingia humo, shotigani kibao duniani zina maandishi hayo hayo.

Namba yenyewe iko kwenye bodi, pale penye mitambo, na hizi za mitutu miwili mara nyingi unaikuta imerudiwa kwenye mitutu na kwenye chuma cha kile kipande cha mbao cha mbele, zikifanana zote ujue vipande vimezaliwa pamoja. Ikififia paka chaki halafu futa juu juu, inatokea.

Msidhani ni mambo ya huku kwetu tu. Marekani bunduki ya kawaida haimo kwenye rejista ya serikali kuu, wanaosajili huko ni wenye vitu vinavyotajwa na sheria yao ya silaha ya 1934, kama mashinigani, saileinsa (kizima sauti) na raifo ya mtutu chini ya inchi 16, na hapo fomu inatakiwa ilingane na chuma, jina la mtengenezaji, modeli, kaliba (kipimo cha risasi), namba. Namba lazima izame angalau inchi 0.003. Kinachowachanganya wengi ni bunduki iliyotoka nje, maana mwagizaji naye anagonga jina lake na mji wake, basi mtu anaona jina la kampuni ya Marekani anajaza hilo kama mtengenezaji, kumbe silaha ni ya Italia! Halafu kuna kuchanganya sifuri na herufi O, hizo usiniulize.

Karatasi na chuma visipolingana, kinachorekebishwa ni karatasi. Mjomba tayari kapata fundi wa kumwambia "tugonge namba ya kitabuni yaishe", nikamwambia Mjomba shikamoo, lakini hapana, kubadilisha namba ya silaha ni kosa la jinai huku na huko. Aende polisi na kitabu, shotigani isiyo na risasi na picha zile, aombe waandike namba ya kwenye bodi.